Timu mbili, mwezi mmoja: kisa cha muungano wa klabu za mchangani Kigoma

Katika kisa hiki nilikuwa mwandishi wa mihtasari tu. Pande zote mbili zilinikubali kwa sababu niliwafundisha wengi wao darasani, na sina mtoto katika timu yoyote. Majina ya klabu, mitaa na watu nimeyaondoa, na fedha nimezitaja kwa makadirio. Timu moja nitaiita Mwaloni, kwa kuwa ilizaliwa kando ya ziwa. Nyingine nitaiita Mlimani, maana kutoka ziwani hadi uwanjani kwao unapanda. Zote ni za Manispaa ya Kigoma-Ujiji, na zote zilikuwa ligi ya wilaya, ile ngazi ambayo mtu anakatiza uwanja na baiskeli yake huku mpira ukichezwa na hakuna anayeshangaa.

Tarehe nimeziacha kama zilivyo. Bila tarehe kisa hiki hakieleweki.

Usuli

Mwaloni ilikuwa na wachezaji 19 waliosajiliwa, na 13 kati yao ni wavuvi wa dagaa. Mlimani ilikuwa na 17: vijana wa bodaboda, mafundi ujenzi na wasaidizi wao, wawili watatu waliomaliza kidato cha nne wakawa wanasubiri riziki. Uwanja mmoja uko mchangani kabisa, goli la upande wa ziwa likipigwa kwa nguvu mpira unaufuata majini. Uwanja wa pili ni wa shule ya msingi, mgumu kama sakafu.

Shida zao zilifanana. Seti moja ya jezi kwa kila timu, ya Mwaloni ikiwa na namba 7 mbili. Ada ya ushiriki inachangwa siku ya mwisho. Posho ya waamuzi inatafutwa asubuhi ya mechi, simu kwa simu. Msimu wa 2023 kila moja iliwahi kushindwa kufikisha timu uwanjani na kumpa mpinzani pointi za mezani. Hapo ndipo viongozi wote walipoanza kusema neno moja: hatuna wachezaji.

Nilikumbuka neno hilo baadaye, kwa majuto.

Wazo lilivyoingia

Mwaka 2023 Mashujaa, timu ya JWTZ iliyoko hapa kwetu, ilipanda Ligi Kuu. Ukiwa Kigoma mwaka ule ungedhani kila kijiwe kimepanda. Mji ambao ulikuwa bado unasimulia fainali ya Kombe la FA ya Julai 25, 2021, Simba 1 Yanga 0 pale Uwanja wa Lake Tanganyika, sasa ulikuwa na timu yake yenyewe inayozipokea hizo Simba na Yanga. Vijana wakaanza kuulizana: sisi tunakwama wapi?

Jibu lilikuja na mfanyabiashara mmoja wa dagaa. Timu zote mbili zilimfuata kuomba jezi, kila moja kwa wakati wake, na alizijibu hivyohivyo: "Mimi siwezi kuvalisha watoto wawili wa nyumba moja. Nendeni mkakae, mniletee mmoja." Aliahidi milioni tatu kwa msimu, jina la duka lake likae kifuani.

Kwenye vikao vya Machi na Aprili 2024 mfano uliorudiwa sana ulikuwa wa majirani zetu Tabora. Kitayosce ilipanda Ligi Kuu mwaka huohuo wa 2023, ikabadilishwa jina kuwa Tabora United, na Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi ukajaa watu. "Jina ni nguo tu," alisema kiongozi mmoja wa Mlimani, "unavua unavaa." Hakuna aliyemjibu kwamba kule ilikuwa timu moja iliyopata makazi na jina jipya. Kuzichanganya timu mbili zenye watu wao ni shughuli nyingine kabisa. Historia ya mpira wetu ina hadithi nyingi zaidi za kugawanyika kuliko za kuungana: Yanga ya 1935 ilimegeka, na mwaka uliofuata ikazaliwa timu ambayo leo ni Simba. Mzee mmoja wa Mwaloni alilisema hilo, akaambiwa analeta siasa za Dar es Salaam.

Maamuzi ya Juni 9

Mkutano wa pamoja ulifanyika Jumapili, Juni 9, 2024. Walihudhuria watu 71, idadi ambayo hakuna klabu kati ya hizo mbili iliyowahi kuipata. Nitaeleza maamuzi matano na sababu zake kama zilivyotolewa siku ile.

Jina. Lilichaguliwa jina la tatu, jipya, ili upande wowote usijione umemezwa. Lilipita kwa makofi.

Rangi. Hapa tulikaa saa nzima. Mwaloni walikuwa kijani, Mlimani nyekundu, na unajua mjadala wa namna hiyo unaishia wapi Tanzania. Tukaokolewa na bluu na nyeupe, "rangi ya ziwa". Kijana mmoja nyuma akasema hiyo ni rangi ya Azam. Tukacheka, tukapitisha.

Uwanja. Mazoezi yote yawe Mlimani, kwa sababu uwanja wa shule una magoli ya chuma na uko karibu na barabara.

Uongozi. Wenyeviti wawili wa kupokezana, kila mmoja miezi sita, akianza wa Mwaloni. Mweka hazina atoke Mlimani. Hoja ilikuwa kwamba kila upande umchunge mwenzake.

Usajili. Huu ndio uamuzi uliochukua dakika chache kuliko yote, na ndio uliouma kuliko yote. Kwa sheria iliyounda Baraza la Michezo la Taifa mwaka 1967, klabu inatambulika kwa usajili wake na katiba yake. Kuanzisha klabu mpya kulihitaji katiba mpya, muhtasari, orodha ya wanachama, ofisi ya michezo ya wilaya na kusubiri. Dirisha la kuthibitisha ushiriki lilikuwa linafungwa. Ikaamuliwa timu icheze kwa cheti cha Mlimani "kwa msimu huu tu", na cheti cha Mwaloni kibaki kabatini kwa tahadhari. Hakuna klabu iliyovunjwa. Kisheria, siku ile hapakuwa na muungano wowote. Kulikuwa na Mlimani yenye wageni wengi.

Katika wachezaji 36, majina 28 yaliingia kwenye fomu. Wanane waliachwa, karibu wote wakiwa wamevuka miaka 30.

Miezi mitatu ya neema

Mei 15, 2024 uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, ili samaki wapate kuzaliana. Mitumbwi ililala mchangani. Vijana waliokuwa wanaishi usiku wakawa hawana la kufanya mchana wala usiku, na mfukoni hawana kitu.

Kwa timu ilikuwa sikukuu. Mazoezini walifika 24, 25, 26. Kocha hakuwahi kuona kitu kama kile maishani mwake, aligawa vikosi viwili kamili na bado akawa na watu pembeni. Mechi za kirafiki tano, tukashinda nne. Mfadhili alikuja kuangalia, akatoa 1,200,000 za kwanza, na jezi zikashonwa. Mihtasari yangu ya Julai imejaa maneno ambayo sasa nikiyasoma nainamisha kichwa: "umoja umethibitika", "tatizo la wachezaji limekwisha".

Kulikuwa na dalili mbili tulizozipita. Ya kwanza, Agosti mwanzoni, mwenye boti mmoja alimfuata mweka hazina akidai 180,000 za mafuta, deni la Mwaloni la msimu uliopita kwa safari ya mechi ya kijiji cha ufukweni. Mkutano wa Juni haukuuliza madeni. Mweka hazina alikataa, mwenyekiti wa Mwaloni akamlipa sehemu kutoka fedha ya mfadhili bila risiti, akisema "ni aibu yetu sote sasa". Kwa upande wake alikuwa mkweli. Kwa upande wa Mlimani, huo ulikuwa wizi.

Ya pili ni ndogo na ilinipita kabisa. Pale mwaloni kulikuwa na mama mmoja, muuza chakula, aliyewapa vijana ugali na dagaa baada ya mazoezi, akiandika kwenye daftari, wakilipa wakipata. Mazoezi yalipohamia juu, daftari lilifungwa. Mchezaji wa Mwaloni sasa alipanda bodaboda kwa 1,000 kwenda na 1,000 kurudi, na anarudi na njaa. Gharama hiyo haikuwa kwenye bajeti ya mtu yeyote.

Mwezi ulivyotuumbua

Kwa msomaji wa bara isiyo na ziwa, niseme hivi. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni za betri na sola. Taa inamulika majini, dagaa wanaufuata mwanga, nyavu inainuliwa. Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga unatapakaa ziwa zima na taa haina kazi, dagaa hawakusanyiki. Kwa hiyo siku za mbalamwezi wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wanacheza mpira. Siku za giza wanatoka jioni, wanarudi alfajiri, wanauza, wanalala. Mechi inaanza saa kumi, mtumbwi unaondoka kabla au mara baada ya kipenga cha mwisho.

Ziwa lilifunguliwa Agosti 15. Mwezi ulijaa Agosti 19. Yaani hata baada ya kufunguliwa, mbalamwezi iliwabakiza vijana nchi kavu siku kadhaa zaidi, na sisi tukasema mnaona, ziwa limefunguliwa na bado wapo. Kisha giza likaingia, na ligi ikaanza.

Septemba 1, siku mbili kabla ya mwezi mwandamo: tulipigwa 4–0. Wavuvi waliofika walikuwa wanne, mmoja alisinzia wakati kocha anaongea.

Septemba 15, siku tatu kabla ya mwezi kujaa: tulishinda 3–0, wavuvi wanane wakianza.

Septemba 29, giza: tulifungwa 2–1.

Oktoba 13, mbalamwezi: tulishinda 2–0.

Niliziweka tarehe hizi sambamba na kalenda ya mwezi baadaye sana, nyumbani, kwa penseli. Wakati ule maelezo yalikuwa mengine: kocha hana mbinu, wavuvi hawana nidhamu, kuna mtu anaroga.

Ila matokeo hayakuwa yameharibika bado. Pointi sita katika mechi nne si haba. Kilichooza kilikuwa benchi. Vijana wa Mlimani walifanya mazoezi wiki zote, za giza na za mwanga. Wakacheza mechi mbili za giza wakafungwa. Mwanga ukirudi, wavuvi wanashuka na nguvu zao za kuvuta nyavu, wanaingia kikosini, wanashinda, wanabebwa. Fundi mmoja aliniambia: "Mwalimu, sisi tunapigwa, wao wanashangilia. Kwani mimi ni spea tairi?"

Kocha naye alikuwa na hoja yake, tena nzito. Kazi yake ni kuwapanga walio bora siku hiyo, na wavuvi walikuwa bora. Hakuna aliyempa kanuni nyingine. Angewapanga wa Mlimani wakafungwa siku ya mbalamwezi, wazee wa Mwaloni wangemla mzima.

Novemba 3

Mwezi ulikuwa umeandama Novemba 1. Wavuvi 13 wote walikuwa kwenye mzunguko wa giza, baada ya miezi mitatu bila kipato hakuna aliyetaka kupoteza usiku mmoja, na mtu mwenye akili timamu hawezi kuwalaumu. Wa Mlimani walikuwa 15 kwenye fomu. Watano walikuwa wamepata kazi ya ujenzi Kasulu. Wanne waligoma wazi, wakaja uwanjani na ndala, wakakaa na watazamaji. Walibaki sita. Sheria ya mpira haikuruhusu kuanza mechi na wachezaji pungufu ya saba.

Mpinzani akapewa ushindi. Mfadhili alikuwa amekuja na wageni wake.

Kilichoniuma siku ile ni kwamba kulikuwa na watu wanne pale, kati ya wale wanane tuliowaacha Juni, wamekuja kutazama. Mmoja alikuwa na njumu kwenye mfuko wa plastiki kwa mazoea tu. Hawakuwa kwenye fomu.

Kikao cha Novemba 10 kilichukua dakika 40. Mlimani wakasema cheti ni chao na nafasi ya ligi ni yao, jambo ambalo lilikuwa kweli tupu. Waliwaita wakongwe wao walioachwa Juni warudi, wakaomba kuongeza majina kadiri kanuni zilivyowaruhusu, wakamaliza msimu nafasi ya katikati. Mwaloni walijikuta hawana ligi hadi msimu mwingine. Mfadhili hakutoa shilingi ya pili.

Uchambuzi

Kosa la kwanza ni la kuhesabu, nami nilikuwa na kalamu mkononi. Tulisema hatuna wachezaji. Mwaloni walikuwa na wachezaji wa kutosha nusu ya mwezi na hawakuwa nao nusu nyingine. Mlimani walikuwa na wachezaji pale ujenzi ulipokuwa mjini. Ungechukua karatasi ukaandika nani yupo wiki gani, ungeona kwamba kuunganisha kungeleta timu yenye sura mbili, moja ya giza na moja ya mwanga. Hilo lingeweza hata kuwa faida, kama lingetamkwa mapema na wote wakalikubali: kikosi cha giza kina nahodha wake, cha mwanga kina wake, na anayefanya mazoezi wiki nzima ana uhakika wa dakika kadhaa. Tulikaa kimya, kila upande ukajaza kimya hicho kwa tafsiri yake.

Tena tuliujaribu muungano katika msimu wa uongo. Miezi ile mitatu ziwa lilikuwa limefungwa. Kuupima muungano wa wavuvi wakati hawavui ni kama kumpima mke siku ya harusi. Tungesubiri Septemba ipite, tukacheza kirafiki wiki ya giza na wiki ya mwanga, tungeokoa mengi.

Kuhusu cheti, hofu ya kupoteza nafasi ndiyo iliyotusukuma. Lakini hizi ni klabu za ngazi ya chini kabisa. Klabu mpya ingeanzia wapi? Palepale walipokuwa. Walichokiogopa kilikuwa na thamani ya karatasi na kusubiri, na walichokihatarisha kilikuwa msimu mzima wa upande mmoja. Klabu iliyo juu kidogo, yenye nafasi ya ligi ya mkoa kwa mfano, ina sababu ya kufikiri tofauti. Hawa hawakuwa nayo.

Wale wanane. Kwenye fomu walikuwa mizigo: wazito, magoti mabovu, dakika 20 basi. Ila mmoja ndiye aliyekuwa anachora mistari ya uwanja kwa majivu kila Jumamosi. Mwingine ndiye aliyeongea na mwalimu mkuu kuhusu uwanja wa shule. Wawili walikuwa wachangiaji wa kudumu wa posho ya waamuzi. Katika timu za mchangani huwezi kumtenganisha mchezaji na mlezi wa timu, mara nyingi ni mtu mmoja mwenye jezi moja. Ulipounganisha vikosi ukapunguza majina, ulipunguza mifuko. Baada ya Juni michango ya wanachama ilishuka kuliko ilivyokuwa kwa klabu moja peke yake, kwa sababu kila mtu alijua kuna mfadhili, na waliozoea kutoa hawakuwa tena ndani.

Jina jipya lilikuwa suluhu nzuri ya kikao na mbovu ya uwanjani. Sikumbuki kulisikia likiimbwa hata siku moja. Watazamaji wa chini waliimba la kwao, wa juu la kwao, na wakati wa mechi ya Oktoba 13 nyimbo hizo mbili zilikuwa zinashindana wakati timu inaongoza.

Sitaki kumsingizia mfadhili. Alitoa sharti lake wazi. Ni sisi tuliogeuza sharti lake la fedha kuwa mpango wa klabu. Alichotaka ni jina lake lionekane kwenye timu inayofika uwanjani. Timu mbili zingeweza kumwendea pamoja na kumwomba achangie kitu kimoja, mipira na nyavu za pamoja kwa mfano, kila moja ikabaki na jezi zake.

Kipo kilichofanya kazi, na hakikupangwa. Mwezi Julai kocha msaidizi alianza kuwafundisha watoto wa chini ya miaka 17 wa pande zote, kwa kuwa walikuwa wanajazana pembeni na chandimu zao. Watoto hawana zamu ya ziwa wala ya mjengo, wana shule, na ratiba ya shule ni moja. Kikao cha Novemba 10 kilipovunja kila kitu, hakuna aliyekumbuka kuwavunja wao. Waliendelea kuja.

Hali ilivyo sasa

Klabu ni mbili tena. Kabla ya msimu mpya, katibu wa Mwaloni alienda kwenye kikao cha kupanga ratiba akiwa na kalenda ya mwezi, akaomba mechi zao za nyumbani ziangukie mbalamwezi. Alikubaliwa nyingi, si zote. Nilimuuliza kwa nini hawakuwahi kuomba miaka yote hiyo, akaniambia: "Tulidhani kila mtu anajua."

Nyavu za magoli na pampu vinatumika kwa zamu. Wakati mwingine Mlimani wanaazima wachezaji wawili wa Mwaloni kwa bonanza na mechi za kombe la mbuzi, ambako hakuna fomu za kugombania. Yule mama amefungua daftari jipya.

Zile jezi za bluu na nyeupe wanavaa watoto wa chini ya miaka 17. Ni kubwa, zinawafika magotini, na jina la duka linasomeka bado. Deni la mafuta limebaki 60,000. Mwaloni wanasema nusu yake ililiwa wakati wa muungano kwa hiyo ni ya Mlimani, na Mlimani wanasema boti ile haikuwahi kupanda mlima.